Nje, pedi au trei ya nyasi: kumfundisha mbwa mchanga wa jamii ndogo kujisaidia katika baridi ya Minnesota

Chihuahua mwenye umri wa wiki kumi mara nyingi hajafikisha hata kilo moja na nusu, na tumbo lake huwa sentimita chache tu juu ya ardhi. Anayemchukua mbwa wa namna hiyo mwezi Januari mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako wastani wa kiwango cha chini cha usiku katika mwezi huo ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, hawezi kusema kwamba mafunzo yatangoja theluji iyeyuke. Mbwa huyo atakojoa siku ile ile anayofika, na akishakojoa mara kadhaa mahali pamoja, atakuwa ameshapachagua. Njia zinazotumika ni tatu: kumtoa nje tangu siku ya kwanza, kumtandikia ndani pedi za kunyonya mkojo, au kumwekea trei yenye nyasi. Kila njia ina watetezi wake wenye maneno makali. Hata hivyo, mambo mawili huamua kuliko sifa za njia yenyewe, nayo ni umbali ulioko kati ya malazi ya mbwa na ardhi ya nje, na saa ambazo kuna mtu nyumbani.

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake, kama vile Brooklyn Park, walikulia katika nyumba ambazo mbwa ni kiumbe wa uani: analala bandani, analinda usiku, anajisaidia nyuma ya migomba, na hakuna aliyewahi kukaa chini akamfundisha jambo hilo. Kwa hiyo si baridi peke yake iliyo ngeni kwao. Ngeni zaidi ni fikra ya mbwa kulala katika chumba chenye zulia la ukuta hadi ukuta, ambalo likilowa mara moja hubaki na harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii lakini ya mbwa inaisikia barabara.

Kabla ya kuzilinganisha njia hizo, kuna mambo mawili ya kimaumbile ya kuzingatia, maana hoja zote zinazofuata zinatoka humo. La kwanza ni kwamba mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mwili mkubwa, kwa kuwa eneo la ngozi ni kubwa likilinganishwa na uzito wa mwili wenyewe. Mbwa mchanga wa jamii ndogo ana tatizo la ziada, kwani akiba yake ya sukari ni ndogo, na baridi ikiungana na njaa inaweza kuishusha sukari ya damu hadi akalegea, akatetemeka na kuyumba. La pili ni kwamba kuanzia wiki ya nane au ya tisa hivi mbwa huanza kuzoea kujisaidia juu ya kitu cha aina fulani, kiwe nyasi, karatasi, saruji au zulia, na mazoea hayo hukaa. Hapo ndipo njia hizi tatu zinapoachana, kwa sababu kila moja inazifundisha nyayo za mbwa kitu tofauti.

Kumtoa nje tangu mwanzo

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba somo ni moja. Mbwa anajifunza kwamba ndani si mahali pa haja, basi, na hakuna siku atakayotakiwa kulisahau alilofundishwa ili ajifunze lingine. Wakufunzi wengi huipendelea kwa sababu hiyo, nami nakubaliana nao pale ambapo nyumba ina mlango unaofungukia uani.

Ugumu wake unaonekana wazi ukimtazama mbwa mwenyewe anapofika kwenye theluji. Hukanyaga hatua mbili au tatu, huinua mguu mmoja wa mbele, kisha mwingine, hukunja mgongo, humtazama aliyemleta, na kurudi mlangoni akiwa hajafanya lolote. Akishaingia ndani na mwili ukapata joto, misuli inalegea, na papo hapo anachuchumaa kwenye zulia. Mwenye mbwa hudhani amefanyiwa kiburi, kumbe mbwa alikuwa amebana kwa sababu ya baridi, na theluji mpya ilikuwa imefunika harufu yote ambayo ingemwongoza.

Dawa yake ni kuondoa theluji. Kwa beleshi, fukua sehemu ya mita mbili kwa mita mbili hadi nyasi zilizokauka zionekane, karibu na mlango kadiri inavyowezekana, ikiwezekana upande ambao ukuta unakinga upepo, na uifukue upya kila theluji inapoanguka. Wengine hutandika nyasi kavu za mifugo juu ya ardhi iliyoganda ili nyayo zisigusane na barafu, na jambo hilo husaidia sana. Karatasi iliyofutiwa mkojo wake ukiiacha hapo siku za mwanzo, atatambua mahali penyewe bila kuelezwa. Mbebe mikononi kutoka ndani, mweke chini katikati ya sehemu hiyo, simama kimya bila kucheza naye, na akimaliza mpe tonge dogo la nyama papo hapo, si baada ya kurudi jikoni. Akipewa zawadi jikoni, anajifunza kwamba kuingia ndani ndiko kunakolipa.

Ratiba ndiyo inayowashinda wengi. Kanuni inayotumika sana husema kwamba mbwa mchanga anaweza kujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake wa miezi ukiongeza moja, yaani wa miezi miwili kwa saa tatu hivi, lakini wa jamii ndogo mara nyingi hafikii hapo akiwa macho. Hutolewa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kabla ya kulala, na angalau mara moja usiku wa manane. Mwezi Januari jua la Minneapolis huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo safari nyingi kati ya hizo ni za gizani, na kila moja inamtaka mwenye mbwa avae buti, koti na glavu huku mkononi akiwa na mnyama ambaye hawezi kungoja. Weka koti na buti mlangoni tayari usiku kucha. Linaonekana dogo, lakini zulia nyingi huloweshwa katika zile dakika mbili za kutafuta glavu.

Nje kuna hatari nyingine zaidi ya baridi. Chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu huchoma nyayo, na mbwa akizilamba anaweza kutapika na kuharisha. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na kuzikausha kila mnaporudi. Katika gereji na maegesho humwagika maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda, ambayo kiini chake, ethilini glikoli, kina ladha tamu na huua figo, hata kwa kiasi kidogo. Halafu kuna parvo, ugonjwa hatari wa virusi kwa mbwa wachanga. Chanjo za mbwa mchanga hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa hadi afikishe angalau wiki 16, na kabla ya hapo kinga yake haijakamilika, ilhali virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi na baridi ya kugandisha haiviondoi. Ua wa nyumba ambao hakuna mbwa mgonjwa aliyeupitia si jambo la kutisha sana. Kijisehemu cha nyasi mbele ya jengo la ghorofa, ambako mbwa wa wapangaji wote hujisaidia, ni suala jingine kabisa, nalo linahitaji mazungumzo na daktari wa mifugo kabla ya kumshusha mbwa pale.

Pedi za ndani

Pedi ni kitambaa cha karatasi chenye tabaka la kunyonya ndani na plastiki chini, kinachofanana na nepi iliyokunjuliwa. Hutandikwa mahali pamoja, mbali na chakula na malazi, aghalabu bafuni au jikoni ambako sakafu haina zulia. Sifa zake zinajulikana: hakuna baridi, hakuna chumvi, hakuna parvo ya mitaani, na mtu anayeishi ghorofa ya saba halazimiki kungoja lifti akiwa na mbwa anayevuja. Wapo watu katika jamii yetu wanaofanya zamu za saa kumi na mbili katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mbwa atoke kila baada ya saa mbili ni kumwambia asifuge, au atafute mtu wa kumsaidia mchana.

Gharama ya pedi hailipwi dukani tu. Gharama halisi ni kwamba umemfundisha mbwa kwamba ndani kuna mahali halali pa kukojoa, na kwamba mahali hapo ni laini na pa mraba. Mkeka wa mlangoni ni laini na wa mraba. Taulo iliyoanguka bafuni ni hivyo hivyo, na zulia dogo la kando ya kitanda pia. Mbwa hana njia ya kujua tofauti, na kumkemea kwa kosa hilo ni kumwonea. Anayechagua pedi aondoe mazulia madogo na mikeka yote kwa miezi ya mwanzo.

Tatizo la pili ni la vipimo. Mbwa mchanga hukanyaga pedi kwa miguu ya mbele, akaridhika kwamba yupo mahali pake, kisha akachuchumaa huku sehemu ya nyuma ikiwa nje ya ukingo. Watu huandika kwamba mbwa wao hajaelewa, ilhali ameelewa vizuri ila hajui mwili wake unaishia wapi. Tandika pedi nne zikipandana kidogo, na upunguze moja moja atakapolenga bila kukosea. Kwa wale wanaozichana na kuzitafuna, kuna fremu za plastiki zinazobana pedi pande zote, na ni afadhali kuinunua mapema kuliko kupeleka kwa daktari mbwa aliyemeza vipande vyake.

Katika nyumba ambamo watu huswali, suala hili huamuliwa mapema kuliko mengine yote. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu unyevu wa mbwa kuwa najisi, na mkojo ulioenea sakafuni huleta usumbufu usioisha kwa kusafisha mara moja. Kwa familia hiyo, kama imeamua kufuga, sehemu iliyofukuliwa uani ndiyo inayofaa, na iwapo hakuna ua, mbwa wa jamii ndogo katika kipupwe hafai kabisa.

Trei ya nyasi

Hii ni njia ya katikati, na watu hawaifikirii vya kutosha. Zipo trei za nyasi za plastiki zenye wavu na chombo cha kukusanyia mkojo chini, na zipo za nyasi hai zilizokatwa pamoja na udongo wake na kuwekwa katika sanduku. Ninapendelea nyasi hai. Nyayo za mbwa hujifunza majani, na theluji ikiyeyuka mwezi Aprili mbwa anayakuta majani yale yale nje, hivyo somo la ndani linaendelea bila kuvunjika. Pedi haitoi faida hiyo. Nyasi za plastiki hufanana kwa sura, lakini mkojo hukaa kwenye nyuzi zake, na zisipooshwa kila siku nyumba nzima inanuka na mbwa mwenyewe huanza kuzikwepa.

Nyasi hai nazo zina mzigo wake. Hunyauka baada ya wiki chache na kulazimu zinunuliwe nyingine, sanduku lake ni zito, na mbwa mwenye hamu ya kuchimba atatawanya udongo. Mchanga wa paka unaoganda ukilowa usiutumie kama mbadala, kwa sababu mbwa wachanga hula kila kitu na mchanga huo ukivimba tumboni unaweza kuziba utumbo. Chembe za karatasi iliyosindikwa ni salama zaidi kwa anayetaka sanduku lisilo na nyasi.

Kosa la kawaida hapa ni kuiweka trei kwenye roshani. Kwa Seattle au London wazo hilo linafaa. Kwa Minnesota, mwezi Januari udongo wa trei huganda ukawa kama tofali, mkojo huwa barafu juu ya nyasi za plastiki, na mbwa anakuwa amerudishwa kwenye baridi ile ile iliyokimbiwa. Isitoshe, mikataba mingi ya upangaji hukataza uchafu wa mnyama kwenye roshani, na jirani wa chini ana haki ya kulalamika barafu itakapoyeyuka. Trei ikae bafuni au karibu na mlango wa roshani kwa ndani, na isogezwe nje hali ya hewa itakaporuhusu.

Kreti na usafi

Njia yoyote utakayochagua itashindwa ukikosa mambo haya mawili. Kreti, au kizimba cha ndani, iwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, kwa kuwa mbwa huepuka kuchafua anapolala, lakini akipewa kizimba kikubwa hulala kona moja na kutumia kona nyingine. Asiachwe humo kwa saa zinazopita uwezo wa kibofu chake, maana akilazimika kujichafua mara kadhaa ile haya ya asili hupotea na kuirudisha ni kazi ngumu. Kuhusu usafi, tumia dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo wenyewe. Sabuni zenye amonia zina harufu inayokaribiana na ya mkojo, na badala ya kumfukuza mbwa humwita arudi pale pale. Kumsugua pua kwenye uchafu, kama wazee wetu walivyoshauri, humfundisha kukojoa nyuma ya kochi usipomwona.

Nani achague nini

Kwa mwenye nyumba yenye ua na mtu anayeshinda nyumbani, nje tangu siku ya kwanza ni bora, na sioni sababu ya kuingiza pedi hata kwa mbwa mdogo sana kama Yorkshire Terrier. Safari iwe ya dakika mbili au tatu. Asipofanya kitu, rudi naye ndani, mshike mapajani au mweke kwenye kreti kwa dakika kumi, kisha mjaribu tena. Usimwachie huru sakafuni. Koti la mbwa linalofunika kifua na tumbo linafaa, ila kwa mbwa dume hakikisha halifuniki sehemu anayokojolea, la sivyo litalowa na kuganda.

Mwenye ua huyo bado anahitaji mpango wa siku kali. Madaktari wengi wa mifugo hushauri tahadhari kwa mbwa wadogo halijoto inaposhuka chini ya sifuri, yaani nyuzi 32 za Farenhaiti ambazo ndizo zinazoonyeshwa kwenye simu za huko, na huhesabu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri kuwa mwanzo wa hatari hasa. Katika Minnesota hizo ni siku nyingi za kawaida, na upepo huziongezea ukali. Kwa siku za chini ya hapo, trei ya nyasi iliyowekwa karibu na mlango ule ule anaotokea itamfaa kuliko pedi, kwa sababu ya nyasi zenyewe na kwa sababu mwelekeo wa kwenda mlangoni haubadiliki. Akiinua miguu mfululizo, akitetemeka au akikataa kutembea, mwinue mara moja. Akilegea na kuyumba hata baada ya kupashwa joto, mpake asali kidogo kwenye ufizi na umkimbize kwa daktari.

Kwa mpangaji wa ghorofa ya juu ambaye mbwa wake hajamaliza chanjo, trei ya nyasi hai bafuni ndiyo chaguo langu la kwanza, na pedi la pili. Tofauti ya gharama ni ndogo ukiihesabu hadi Aprili, kwa sababu mbwa wa umri huu hukojoa mara nyingi kwa siku na pedi huisha haraka. Mwenye zamu ndefu atumie uzio mdogo wa ndani, malazi upande mmoja na trei upande mwingine, badala ya kreti iliyofungwa. Mzee au mgonjwa ambaye barafu ya njiani ni hatari kwake mwenyewe anaweza kubaki na pedi kwa maisha yote ya mbwa, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Mbwa wa kilo mbili anayetumia pedi bila kukosea amefundishwa vizuri kama yule anayekwenda uani.

Anayekusudia kuhama kutoka pedi kwenda nje asiziondoe ghafla. Pedi husogezwa kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kila hatua ikingoja hadi mbwa azoee, kisha huwekwa nje kwenye sehemu iliyofukuliwa na kukatwa ndogo hadi iishe. Mbwa akianza kukojoa matone kila baada ya dakika chache, au mkojo ukawa na damu, mafunzo yasimamishwe na apimwe, kwani maambukizi ya njia ya mkojo huonekana kama ukaidi.

Ambaye bado hajamchukua mbwa ana chaguo moja zaidi, nalo ni kumwomba mfugaji akae naye kwa muda zaidi. Mbwa anayefika mwishoni mwa Machi akiwa na wiki 12 amekula zaidi, ana uzito zaidi, chanjo kadhaa zimeshaingia, na siku zake nyingi za kujifunza zitaangukia kwenye ardhi inayoyeyuka. Swali la kumwuliza mfugaji ni moja: watoto hawa wanajisaidia juu ya nini sasa hivi? Akijibu kwamba ni magazeti, jua kwamba mbwa ataingia kwako akitafuta karatasi, na anza na pedi. Akijibu kwamba wana sanduku la nyasi au hutolewa uani, usinunue pedi hata moja.